Mlango wa Upande wa Pili

Jambo lenyewe lilianza dogo sana, na kama Emérence angekuwa mwanamke wa kupuuza, lingepita. Mume wake alirudi kutoka Uvira alasiri moja ya manyunyu, akaegesha lori kando ya nyumba yao ya Panzi kama kawaida yake, pua ikitazama barabara. Emérence alikuwa jikoni akisonga ugali. Alisikia mlango wa dereva ukifungwa, paa, kisha mabuti kwenye tope. Mume akaingia, akavua kofia, akakaa kitini. Ndipo ukafungwa mlango wa upande wa pili. Paa. Haukubamizwa. Ulifungwa kwa adabu, kama afungavyo mgeni asiyejua bado kama amekaribishwa.

"Ulikuya na nani?" Emérence aliuliza.

"Na nani? Niko peke yangu."

"Nilisikia mulango ya pili."

"Ni mupepo, Mama Colombe. Leta bugali."

Sasa, mlango wa lori la tani saba haufungwi na upepo, na mke wa dereva ndiye wa mwisho kudanganywa hivyo. Emérence alijifuta mikono, akaenda dirishani. Kabini ilikuwa tupu. Kuku wake, ambao siku zote walijikinga mvua chini ya lori, walikuwa wamesimama nje katikati ya ua, wamelowa chapachapa, na hakuna hata mmoja aliyelisogelea. Aliwatazama kitambo, kisha akarudi kupakua chakula, kwa sababu ugali ulikuwa unapoa.

Mumewe aliitwa Cirhuza. Ilikuwa miaka ile ya Zaïre ambapo kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia, na majina ya ubatizo yalikatazwa kwenye karatasi za serikali, yakabaki ya kuitana ndani ya nyumba na kwenye misalaba ya makaburi. Cirhuza aliendesha lori la tajiri mmoja wa mjini: kushusha kahawa Uvira, kurudi na samaki wa chumvi. Alikuwa dereva mzuri, mpole, mcheshi kidogo. Binti yao mmoja, Colombe, alikuwa bado hajaanza shule, na alimpenda baba yake kuliko chakula.

Njia ya Uvira inapita mlima wa Ngomo. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine korongo, na barabara nyembamba hata magari yalipita kwa zamu, ya kushuka kwanza, ya kupanda baadaye, na bariere, kizuizi cha kusubiria zamu, huku na huku. Lori lenye mzigo linapanda Ngomo polepole kuliko mwanamke mwenye mzigo wa kuni. Wezi walilijua hilo kama Baba Yetu. Walikuwa wakirukia nyuma, wakitupa magunia chini, na dereva aliyesimama kugomba alijuta.

Kiangazi kilichotangulia manyunyu yale, walimkamata Cirhuza. Hawakuridhika na magunia. Walimshusha, wakampiga rungu za mgongo, akarudi nyumbani na uso uliovimba kama andazi. Emérence alimkanda kwa maji ya chumvi, akamshukuru Bikira Maria kwamba yu hai. Lakini kulikuwa na kitu ambacho mume hakumwambia, akakimeza, na kile kitu kikawa kinamla ndani.

Jumapili iliyofuata alikuja Aloys, dereva mwenzake na rafiki wa tangu ujana, mtu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Wakakaa mbele ya nyumba, wakajadili kile ambacho madereva wote wa Kivu walikuwa wakijadili: mtu ajilinde vipi?

"Miye minatembea na mupanga chini ya kiti," Aloys alisema. "Mutu akipanda nyuma, anakuta mupanga inamungojea. Fimbo ya mbali haiuwe nyoka."

"Na beye bakiwa na mipanga tatu?" Emérence akauliza. "Papa Aloys, mizigo ni ya patro, roho ni yako. Bakisema toa, utoe. Bakisema shuka, ushuke. Wazee balisema kwa mwoga kunaenda kicheko, kwa shujaa kunaenda kilio."

Aloys akacheka. Cirhuza hakucheka. Aliposikia neno kicheko aliinuka akaingia ndani, na Emérence akadhani ni maumivu ya mgongo.

Baada ya hapo tajiri alimtuma mbali, Kasongo, kule Maniema, kuleta mchele. Alikawia sana. Alirudi mnyamavu, na katika mpini wa ndani wa mlango wa upande wa pili alikuwa amefunga kamba nyeusi yenye mafundo. Tangu hapo hakumpakia mtu yeyote kabini. Hata katekista wa Nyantende, mzee wa watu, alipoomba msaada wa kufika Kamanyola, aliambiwa apande juu ya magunia. Na tangu hapo hakuibiwa tena. Mara mbili au tatu walionekana watu wamelala kando ya barabara ya Ngomo asubuhi, na hawakuwa wamelala.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tusemavyo. Mgeni huyu wa Panzi alikuja na jembe lake, ila Emérence hakujua analima shamba gani. Kila mume aliporudi safari, mlango wa pili ulifungwa baada ya wa kwanza. Kisha ikaja harufu. Ni ile harufu ya breki zilizochemka, ambayo lori hutoa likifika chini ya mlima, nayo ilikuwa chumbani mwao, katika baridi ya mvua, na lori limepoa tangu mchana. Emérence alifua mashuka. Alifua nguo za kazi za mumewe. Harufu ilikuja mume aliposinzia, ikaondoka alipoamka.

Usiku mmoja alikuwa macho, amelala ukingoni mwa kitanda, mume akikoroma katikati. Upande wa pili wa mume palikuwa na nafasi ya kiganja tu, kisha ukuta. Na godoro likabonyea pale ukutani, polepole, kama mtu mzito anayejitahidi asimsumbue mwenzake. Emérence alivuta blanketi hadi machoni, akasali Salamu Maria mpaka maneno yakachanganyika, na asubuhi alijiambia kwamba ni godoro kuukuu.

"Ukitaka kuniamusha," mume alimwambia siku hiyohiyo akifunga kamba za mabuti, bila kumtazama, "usiniguse. Gonga bati ya mulango."

"Niko konvoyere wako?"

Ni kweli dereva na konvoyere, yaani utingo wake, huamshana hivyo. Dereva aliyelala kabini haguswi, hugongewa bati, kwa sababu anayeshtuliwa kwa mkono huko porini huamka na ngumi. Lakini huyu alikuwa kitandani kwake, na aliyekatazwa kumgusa alikuwa mkewe wa ndoa. Emérence aliumia moyo, akanuna, akahamia ukingoni zaidi. Sijui kama mume alijua kwamba mnuno ule ndio uliokuwa unamwokoa mke wake. Na kwa kuwa alinuna, hakumwambia Colombe neno lolote juu ya kugonga bati.

Colombe alikuwa na mchezo wake. Akishanawa mikono kwa maji ya baridi alimvizia baba yake aliyesinzia, akamtia vidole shingoni, na baba aliruka akipiga kelele ya uongo na kumkimbiza uani. Siku nyingi hakuucheza, maana baba alikuwa safarini au amelala chumbani. Jumapili moja, baada ya misa na maharage, mvua ikipiga juu ya bati, Cirhuza alisinzia kwenye kiti cha sebuleni. Emérence alikuwa mlango wa nyuma akiosha vyombo. Alimwona binti anapita na mikono inayochuruzika maji, akajua anakwenda kufanya nini, akatabasamu.

Kisha akasikia harufu ya breki.

Akageuka, sahani bado mkononi, akamwona Colombe amesimama kando ya kiti cha baba yake, mkono wa kuume umenyooka, vidole vikikaribia shingo lakini havikufika, kwa sababu kitu kilikuwa kimemkamata kifundo cha mkono, kitu kisichoonekana, ila ngozi ya mtoto ilionekana ikididimia chini ya vidole vyake, kimoja, na kingine, na kingine, virefu vya kutosha kuuzunguka mkono ule mdogo na kurudi, na mkono ukaanza kupinduliwa taratibu, bila hasira yoyote, jinsi fundi anavyofungua nati iliyokaza, na mtoto hakulia, alifungua mdomo tu akimtazama mama yake, na ule mkono ukazidi kupinduka hadi kiwiko kikatazama mahali ambapo kiwiko hakitazami, na baba pale kitini aliendelea kukoroma kama mtu aliye salama kuliko watu wote wa Bukavu.

Emérence hakukumbuka kuitupa ile sahani. Ilikuwa sahani ya bati. Iligonga ukuta wa saruji kwa mlio mkubwa, Cirhuza akafumbua macho, na mtoto akaanguka chini akilia.

Masista wa dispensari walimfunga Colombe mkono kwa vijiti na bendeji. Walimtazama Cirhuza kwa jicho baya, wakimdhania ni baba wa kupiga watoto, naye hakujitetea. Walirudi nyumbani, mtoto mgongoni. Alipolala, Emérence alimvuta mume hadi jikoni, akafunga mlango, wakasemezana kwa kunong'ona.

"Ni nani yule?"

"Mama Colombe..."

"Ninauliza, ni nani yule iko mu nyumba yangu?"

Cirhuza alikaa juu ya kinu, akashika kichwa. "Ni mulinzi. Ni jini. Balinipa kule Kasongo."

"Jini ya kulinda kamiyo?"

"Bashofere bengine banaomba ya kamiyo. Ule mwalimu wa majini aliniuliza: unataka alinde gari, ao alinde weye? Nilisema miye." Machozi yalimtoka. "Kama ningesema gari, angebakia mu gari. Nilisema miye, njo maana ananifwata. Nikilala yeye anaamuka. Mutu mwenye kuninyooshea mukono, anamukamata. Hajui kuchagua. Nilifikiri ukigonga bati inatosha."

"Na mutoto? Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniuliza juu ya nini nilikuwa na woga namna ile."

Kesho yake Emérence alimfuata Aloys kwenye mto mdogo ambako madereva waliosha malori, akamkuta na ndoo, akamwomba ukweli kwa jina la Mungu. Aloys, kwa mara ya kwanza, alizungumza kwa sauti ndogo. Alisema siku ya wezi yeye ndiye aliyekuja nyuma na lori lake. Wale watu walimvua Cirhuza nguo, wakamwamuru acheze animation, ile ngoma ya kusifu chama ambayo kila mfanyakazi alichezeshwa siku za sikukuu, na akaicheza katikati ya barabara kwa chupi, akiimba, wao wakipiga makofi na kucheka.

"Nilimukuta anacheza," Aloys alisema. "Bezi balishaenda zamani, maman. Alikuwa peke yake, anacheza tu. Nilimushika kwa nguvu njo aache."

Emérence aliketi kwenye jiwe. Alitaka kulia, lakini Aloys hakuwa amemaliza.

"Iko na ingine maneno. Pale bariere ya Kamanyola, mama mumoja wa kuuza ndizi. Bwana yako alikuwa analala mu kabini, bariere ikafunguliwa. Ule mama akamuonea huruma, akaingiza mukono mu dirisha amuguse bega. Alikufa wima, na ndizi ku kichwa. Batu balisema ni moyo." Alimwaga maji ya ndoo. "Miye niliona mukono yake. Haikuwa moyo."

Emérence alikuwa mwanalegio wa Maria parokiani, na angeenda kwa padri. Lakini alifikiri hivi: padri anawajua mashetani wa Roma, na huyu ni wa Kasongo. Akaenda soko la Nyawera, kwa bibi mmoja wa Maniema aliyeuza mawese na kuitwa Mwavita, ambaye watu walimnong'ona kwamba anajua mambo hayo. Mwavita alimsikiliza hadi mwisho huku akipimia wateja mafuta. Kisha akafunika pipa lake, akachukua mwavuli.

Ilikuwa asubuhi yenye ukungu, ule wa ziwani unaopanda hadi Panzi na kukaa kwenye migomba. Colombe alipelekwa kwa jirani. Mwavita aliizunguka kabini, akanusa kiti cha upande wa pili, akatikisa kichwa kama anayemtambua mtoto wa ukoo.

"Huyu hafukuzwi," alisema. "Ukimufukuza atafikiri unamutukana, maana anafanya kazi vizuri. Huyu anaachishwa kazi. Fungueni milango yote mbili. Papa, ulale hapa chini kwa mukeka. Mama, akisinzia, umuguse."

"Nimuguse?" Emérence akauliza. "Uliona mukono ya mutoto wangu?"

"Mutoto hakujua. Weye unajua. Umuguse, na ukishikwa usivute. Atauliza maneno, umujibu. Lakini kwanza mwenyewe aseme alimwajiri juu ya nini."

Cirhuza alisimama katika tope, akavua kofia. Ndipo akamsimulia mkewe ile ngoma, mwanzo hadi mwisho, jinsi alivyoogopa kuacha kucheza, jinsi alivyosikia kwamba wamekwenda na bado miguu ikaendelea. Emérence hakumwambia kwamba anajua tayari. Alimwacha aseme yote, akampangusa uso kwa pindo la kitenge chake, na mapenzi aliyoyasikia saa ile yalikuwa makubwa kuliko ya siku ya harusi.

Mwavita akaifungua ile kamba, fundo kwa fundo. Cirhuza alijilaza. Dereva hulala popote, hata akiwa na hofu, na usiku wote hakuwa amefumba jicho. Haukupita muda akaanza kukoroma. Harufu ikaja. Emérence alipiga magoti kwenye mkeka, akafanya ishara ya msalaba, akanyoosha mkono wake kuelekea shingo ya mumewe, na kabla haujafika ukadakwa, kwanza kwa ubaridi kama wa chuma cha asubuhi, kisha kwa joto lililopanda na kupanda kama ngoma ya breki kwenye mteremko, na mifupa yake ya mkono ikaanza kusogeleana, na hakuvuta, alisaga meno, akamtazama mumewe usoni kwa kuwa hapakuwa na uso mwingine wa kutazama, na midomo ya yule aliyelala ikafunguka, ikatoka sauti ambayo haikuwa yake, ya upole, ya mtumishi mwema aliyeitwa mbele ya mwenye nyumba.

"Nimulinde nani?"

"Hakuna," Emérence alisema. "Kazi imeisha. Aksanti."

"Watakuja."

Kwa hilo Mwavita hakuwa amemwandaa. Mkono uliungua hadi begani, na lile neno likamuunguza zaidi.

"Bakuye," alijibu. "Sisi tutaona."

Vidole vikamwachia, kimoja kimoja. Mlango wa upande wa pili ukafungwa, paa, kwa adabu ileile, na kitu kikatembea katika ukungu kuelekea chini, upande wa Ruzizi, migomba ikiinama kukipisha. Cirhuza akaamka, akamkuta mkewe amemshika shingo kwa mikono miwili, analia. Baada ya muda kuku walikuja mmoja mmoja, wakaingia chini ya lori.

"Usimufungulie tena ile mulango," Mwavita alisema akikunjua mwavuli. "Alikuwa anaifungua mwenyewe sababu alikuwa na kazi. Sasa hawezi, mupaka mutu amufungulie kwa mukono yake."

Mkono wa Colombe ukapona. Harufu haikurudi. Emérence alilala tena katikati ya kitanda, mkono juu ya kifua cha mumewe, na Colombe akaanza tena mchezo wake wa vidole vya baridi, kwanza kwa woga, kisha bila woga. Ningeweza kuikata hadithi hapa, watu wakaenda kulala vizuri. Lakini Ngomo ilikuwa palepale, na wezi hawakuwa wameachishwa kazi.

Cirhuza alirudi barabarani mikono mitupu, kama mkewe alivyokuwa akishauri siku zote. Alifanya yote ambayo dereva mwenye akili hufanya: alipanda mlima nyuma ya mwenzake, hakusimama kwa ajili ya gogo barabarani, alilala uani kwa wamisionari, si porini. Aliporudi alishika kikombe kwa mikono miwili ili chai isimwagike. Usingizini miguu yake ilicheza. Emérence aliisikia chini ya blanketi, kushoto, kulia, kushoto, kwa mdundo, na alijua ni wimbo gani.

Kisha wakamuua Aloys. Alikutwa Ngomo kando ya lori lake, panga lake mkononi. Alilichomoa, na wao walikuwa na mengi. Kwenye kilio, Delphine mkewe alikuwa ameketi chini, amenyolewa, hatoi machozi tena. Emérence aliketi ubavuni mwake.

"Alikuwa anakoroma," Delphine alinong'ona. "Nilikuwa namusukuma na kiwiko, namuambia geuka. Kila usiku, Mama Colombe. Sasa kitanda inanyamaza, na siwezi kusinzia."

Emérence alimsogelea. Alimshika mkono tu, hadi kulipokucha.

Hata matanga hayajaisha, tajiri alileta ujumbe: kahawa ya Aloys ingali Bukavu, na zamu ni ya Cirhuza. Asubuhi ya safari Cirhuza alivaa mabuti. Alijaribu kunywa chai, akaiacha. Emérence alimsindikiza hadi uani. Kulikuwa na ukungu.

"Usiende," alimwambia.

"Niende wapi basi? Miye ni shofere." Alijaribu kutabasamu. "Bakisema toa, nitatoa. Bakisema cheza, nitacheza. Njo vile ulisema, hapana?"

Akapanda. Mlango wake ukafungwa. Paa.

Emérence alisimama akingoja, na hakujua anangoja nini hadi alipotambua kwamba kimya kile kinamtisha kuliko sauti yoyote iliyowahi kumtisha. Mlango mmoja tu. Upande ule hapakuwa na mtu. Akaona Ngomo ambayo hajawahi kuiona, na kona, na miguu ya mumewe ikicheza katika vumbi. Akasikia lile neno lililotamkwa kwa upole: watakuja. Alimkumbuka yule mama wa ndizi wa Kamanyola, ambaye pia alikuwa na mume labda, na watoto, na ambaye kosa lake lilikuwa huruma. Akamwomba msamaha moyoni, akijua kwamba msamaha unaoombwa kabla ya kosa hauna thamani kwa padri yeyote.

Akazunguka mbele ya lori, akafika upande wa pili, akaufungua mlango. Akaushikilia wazi kwa muda ambao mtu humshikilia mzee mlango ili apande bila haraka. Ukungu ulisogea kando yake. Kiti kikabonyea. Harufu ya breki zilizochemka ikampiga usoni, na hakugeuza uso.

"Yeye," alisema kwa sauti ya chini. "Umulinde yeye."

Akaufunga mlango. Paa. Kabini, mumewe alikuwa anatazama mbele, lakini Emérence aliona mabega yake yakishuka, na mikono kwenye usukani ikitulia. Lori likaondoka kuelekea Nyantende. Msiniulize kama alifanya vema. Mkamuulize Delphine.

Colombe alikuwa amesimama mlangoni na gauni la kulalia, anajikuna jicho. "Maman, ulikuwa unamufungulia nani?"

"Hakuna mutu, mutoto wangu. Ingia ndani, kuko baridi."

Emérence aliingia nyuma yake. Alitafuta msumari, akautafutia jiwe la kuupigilia. Kisha akachukua kifuniko cha sufuria na kijiko cha chuma, akavitundika kwenye mlango wa chumba cha kulala, chini kabisa, mahali ambapo mkono wa Colombe unafika.